Mkamwana wangu alimuua mjukuu wangu. Niwaambie nini polisi?

Mwanangu wa safu ya ushauri, salaam.

Mimi ni mama mtu mzima, mkulima wa uwele na alizeti huku wilaya ya Kongwa. Anayeniandikia ni binti yangu wa mwisho, mimi nasema yeye anaandika.

Mwanangu wa pili ana mke, binti mchapakazi asiye na ugomvi na mtu. Mtoto wao wa kwanza ana miaka minne. Mwaka huu akajifungua wa pili, wa kiume, hospitalini, salama salimini. Nikahamia kwao kumlea mzazi kama ilivyo kawaida yetu.

Siku tatu nne za mwanzo hapakuwa na neno. Kisha akaacha kulala. Si kwamba mtoto alikuwa akilia, mtoto alilala vizuri tu. Yeye ndiye alikesha, anafua kanga ileile usiku, anaianika, anaianua ingali mbichi, anaifua tena. Uji nikimpikia anaumwaga, anasema unanuka udongo. Halafu akaanza kumlaza mtoto akimgeuzia uso ukutani. Nilipomuuliza akaninong'oneza: "Mama, huyu si wangu. Wangu walimchukua kule hospitali. Huyu anasikia ninayoyawaza." Lakini kuna mchana alikuwa mzima kabisa, anasalimia watu, ananyonyesha, anachambua mlenda. Tukasema ni uchovu. Shemeji yake akasema ni jini, akaletwa mzee akamchanja. Watu wa maombi nao wakaja.

Mtoto alipofikisha wiki tatu, asubuhi nilikwenda bombani. Niliporudi nilimkuta kaketi mlangoni, katulia. Akaniambia, "Mama, nimemrudisha. Sasa watamleta wangu." Mtoto alikuwa kwenye pipa la maji. Nilimtoa mimi kwa mikono yangu.

Hakukimbia. Polisi walipofika aliwauliza kama wamekuja na mwanawe.

Sasa yuko mahabusu Dodoma mjini kwa kesi ya mauaji, na mpelelezi ameniita nikaandike maelezo. Wazee wa ukoo wamekaa kikao. Wanataka nisitaje habari za kutolala wala maneno yake, eti nikisema atatoka na damu ya mtoto itapotea bure. Nimeagizwa niseme alikuwa na akili zake, na kwamba aligombana na mumewe kwa ajili ya pesa za alizeti. Kugombana waligombana kweli, lakini ilikuwa kabla hajajifungua. Jirani yetu tayari ameeleza polisi kwamba asubuhi ileile walisalimiana vizuri. Mwanangu hasemi kitu, nasikia tu kwa watu kwamba anatafuta mke mwingine.

Nakuuliza: huyu binti ni muuaji? Nikisema niliyoyaona, namsaliti mjukuu wangu aliyeko kaburini? Na akitoka, nitamwacha vipi na huyu mkubwa, ambaye kila jioni ananiuliza mama yuko wapi, namdanganya kaenda kliniki?

Bibi, Kongwa

JIBU

Shikamoo mama, na pole sana. Umezika mjukuu, na kabla machozi hayajakauka umebebeshwa kesi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta: nenda kwa mpelelezi, mweleze yote uliyoyaona na kuyasikia, kuanzia siku alipoacha kulala hadi alipowauliza polisi habari za mwanawe. Usipunguze, usiongeze. Ugomvi wa pesa za alizeti utaje pia ukiulizwa, na useme ulitokea lini.

Mama, uliyoyaeleza yanafanana mno na ugonjwa ambao madaktari wa akili wanaufahamu vizuri. Wengi wao huuita saikosisi ya baada ya kujifungua. Huwapata wanawake kama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na kwa kawaida huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Usiuchanganye na ile hali ya kulialia bila sababu inayowapata wazazi wengi siku ya tatu au ya nne na kuisha yenyewe. Si sonona pia, ingawa sonona baada ya kujifungua inawapata wengi zaidi na inahitaji matibabu. Huu mwingine humtoa mtu katika ulimwengu tunaouona sisi. Usingizi unakatika, naye hauhitaji. Mawazo yanakimbia. Anasikia sauti au anaamini mambo yasiyokuwapo, na mara nyingi imani hizo humzunguka mtoto: kabadilishwa, ana pepo, ametumwa, au yuko hatarini na mama ndiye wa kumwokoa. Mimi si daktari wake, na wa kumpima wapo. Lakini kanga inayofuliwa usiku kucha, uji unaonuka udongo na mtoto aliyebadilishwa hospitalini ni mambo ambayo daktari yeyote wa akili akiyasikia atataka kumwona huyo binti haraka.

Tena wengi wanaougua hivi hawamdhuru mtu. Nalisema hili kwa sababu barua yako itasomwa na wanawake waliowahi kuugua wakapona, na sitaki waangaliwe kwa jicho la woga.

Habari ya jirani isikuvunje moyo. Jirani hakusema uongo. Ugonjwa huu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kama homa ya malaria: asubuhi anakusalimia na kukuuliza habari za shamba, mchana hayupo. Ndiyo maana familia nyingi hujidanganya kwamba ni uchovu. Na ndiyo maana maelezo yako wewe, uliyelala naye nyumba moja, yana uzito kuliko ya mtu aliyepita uani akasalimiwa. Jirani alimwona dakika chache. Wewe uliziona siku zote.

Sasa sheria. Umeuliza kama ni muuaji. Sheria ya Tanzania yenyewe haikimbilii kujibu ndiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 199 kinachohusu mama aliyesababisha kifo cha mwanawe mwenye umri chini ya miezi 12. Ikionekana kwamba wakati wa tendo akili yake ilikuwa imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kujifungua au za kunyonyesha, kosa lake haliwi mauaji ya kukusudia. Ni kosa la peke yake, na huadhibiwa kama kuua bila kukusudia. Kifungu hiki asili yake ni Uingereza, ambako sheria ya kwanza ya namna hiyo ilitungwa mwaka 1922, na mwaka 1938 ikapanuliwa kumhusu mtoto wa hadi miezi 12. Hayo maneno ya kunyonyesha ni ya elimu ya zamani, siku hizi hakuna daktari anayesema maziwa ndiyo yanayovuruga akili. Lakini kiini chake ninakiunga mkono kwa moyo wote: walioandika sheria walikubali kwamba kuna wakati uzazi unaweza kumwondolea mwanamke akili yake, na kwamba kumhukumu kama mtu aliyepanga njama si haki.

Uzito wa kesi unatofautiana sana. Mauaji ya kukusudia kwetu adhabu yake ni kunyongwa, na jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo hana nafasi ya kuchagua. Kuua bila kukusudia, kifungo cha maisha ndicho kikomo cha juu, na chini yake jaji anaweza kupima hali ya mtu na kutoa adhabu ndogo kadiri anavyoona inafaa.

Kuna njia ya pili, nayo yafaa wakili aipime kwa makini. Kifungu cha 13 cha sheria hiyohiyo kinasema mtu hana hatia kwa tendo lake ikiwa, kwa ugonjwa unaoathiri akili, wakati ule hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kutambua kwamba hapaswi kukifanya, au hakuwa na uwezo wa kulidhibiti tendo lenyewe. Rudi kwenye maneno aliyokuambia mlangoni: "Nimemrudisha. Sasa watamleta wangu." Mtu mwenye nia mbaya huficha, hukimbia, hutunga hadithi. Huyu alikaa akingoja aletewe mtoto. Sisemi hilo pekee linamaliza kesi. Nasema maneno hayo ni ushahidi, na aliyeyasikia ni wewe peke yako. Ukiyameza, hakuna mwingine atakayeyasema.

Mpelelezi akimaliza kuandika, usitie dole gumba kabla hujasomewa neno kwa neno. Likikosewa jambo, sema lirekebishwe hapohapo. Kama Kigogo ndicho kinachokutoka vizuri kuliko Kiswahili, omba mkalimani, polisi na mahakamani pia. Na tafuta kadi ya kliniki ya huyo binti pamoja na karatasi za hospitali alikojifungulia, zihifadhi mahali salama. Kifafa cha mimba, maambukizi baada ya kujifungua, malaria kali na kupungukiwa damu vinaweza kumvuruga mtu akili au kumzidishia ugonjwa, na daktari atataka kujua kama kulikuwa na lolote kati ya hayo.

Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama ya Serikali. Tatizo ni kwamba wakili huyo mara nyingi huja mwishoni, upelelezi ukiwa umekamilika na miezi mingi imeshapita. Usimsubiri. Pale wilayani ulizia wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Waombe wafuatilie mambo mawili: binti apatiwe matibabu sasa hivi akiwa mahabusu, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa nyuma ya nondo, na suala la akili yake liwasilishwe mahakamani mapema, lisije kuibuliwa dakika za mwisho.

Mahakama ikiona kuna hoja ya ugonjwa wa akili, huagiza mshtakiwa apelekwe kuchunguzwa. Kwa bahati hamtasafiri mbali, maana taasisi ya Isanga, inayopokea watuhumiwa wa namna hiyo kutoka pande zote za nchi, iko hapohapo Dodoma chini ya Hospitali ya Mirembe. Daktari mkuu hupewa siku 42 kuandika taarifa na kuirudisha mahakamani. Hapa kwetu jina la Mirembe limegeuzwa tusi la kutupiana sokoni, na najua wazee watasema mmeutia ukoo aibu. Mirembe inatibu watu tangu mwaka 1927. Wamerudi kutoka pale walimu, mafundi, mama wa watoto sita. Aibu iko wapi?

Taarifa ya daktari haimalizi kila kitu, na hili wazee wasiojua huligeuza kuwa hofu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani iliamua rufaa ya mama aliyewapa watoto wake sumu, ikasema mahakama haifungwi na maoni ya daktari ikiwa ina sababu nzuri ya kutoyakubali. Yaani jaji hulinganisha taarifa ya daktari na mwenendo wa mshtakiwa kabla ya tendo, wakati wa tendo na baada yake. Na mwenendo huo daktari hakuushuhudia. Anamwona mtu wiki au miezi baadaye, pengine akiwa ameshatulia kwa dawa. Aliyeushuhudia ni wewe, mama. Taarifa ya daktari bila maneno yako inaweza kupwaya, na maneno yako bila taarifa ya daktari yanaweza kuonekana huruma ya mkwe. Vyote viwili vinahitajiana.

Wazee wanasema atatoka. Waambie kwa heshima kwamba haiko hivyo. Akikutwa na kosa la kifungu cha 199, ametiwa hatiani na jaji ataamua adhabu. Mahakama ikiona alitenda lakini hana hatia kwa ugonjwa wa akili, hatafunguliwa mlango siku hiyo aende zake. Atashikiliwa kama mgonjwa, atatibiwa, na kuachiwa kwake kutafuata taarifa za madaktari na amri ya Waziri. Hakuna damu inayopotea bure hapo. Bali wakikulazimisha useme alikuwa mzima ilhali ulimwona hajalala siku nenda rudi, watakuwa wamekutia wewe kwenye kosa, maana kutoa ushahidi wa uongo ni jinai. Na wakili akikuhoji kuhusu tarehe ya ule ugomvi, uongo utajitenga wenyewe.

Umeniuliza kama unamsaliti mjukuu. Mama, nimekaa na swali hilo kuliko mengine yote katika barua yako. Yule mtoto alikuwa wako, ulimwogesha, ulimkanda, na ni wewe uliyemtoa majini. Haki yake ni kwamba isemwe kweli jinsi alivyofariki: mama yake aliugua, nyumba nzima ikaona dalili, na hakuna aliyejua kwamba ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali siku ileile. Kumgeuza mama yake kuwa mwanamke aliyeua kwa hasira ya pesa za alizeti hakumtendei mtoto wema wowote. Kunawapa watu wazima mtu wa kumchukia, basi.

Habari ya mwanao kuoa nitaipitia haraka. Asiamue sasa. Mwanamume aliyefiwa na mtoto na mkewe yuko mahabusu hafanyi uamuzi, anakimbia maumivu. Mpeleke naye akazungumze na mtu, mchungaji au daktari, yeyote atakayemsikiliza bila kumpa majibu.

Nenda kamwone binti. Hii ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi kuliko kesi. Dawa zikifanya kazi, na kwa kawaida zinafanya, itafika siku ukungu utaondoka na atajua alichokifanya. Siku hiyo na wiki zinazofuata ni za hatari sana kwake, kwani wengi hutaka kujiua. Waambie wauguzi na askari magereza wamwangalie kwa karibu. Akikuuliza "Mama, mtoto yuko wapi?", usimdanganye, na usimsimulie yote kwa mara moja. Mwambie alifariki, na kwamba wewe upo. Akikuomba siku moja aonyeshwe kaburi, msimnyime. Usimwambie asahau. Mkalie hivyohivyo akilia, mshike mkono kama wanaruhusu.

Huyo mdogo wa miaka minne usiendelee kumwambia habari za kliniki. Atakuja kuogopa kliniki, na siku atakapousikia ukweli kwa watoto wenzake hatakuamini tena. Mwambie kwa maneno machache: mama aliugua kichwani, ugonjwa mkubwa, mdogo wako alifariki, mama yuko mahali anaangaliwa, si kosa lako. Ataulizauliza tena. Mjibu vilevile kila mara.

Kuhusu kumwacha naye siku za mbele, hilo mtaamua na daktari wake hatua kwa hatua, akiwa amepona, na mwanzoni mtu mzima awepo. Waliougua hivi wengi hupona kabisa na kulea watoto wao vizuri. Hatari kubwa iko kwenye mimba nyingine. Kwa makadirio mengi, kati ya theluthi na nusu ya waliowahi kuugua huugua tena baada ya kujifungua. Kwa hiyo akija kubeba mimba, kliniki ijulishwe mapema, mpango wa dawa uwekwe kabla ya siku ya kujifungua, na wiki zile za kwanza mtu mwingine awe anamlaza mtoto usiku ili yeye apate usingizi.

Ninyi wengine mnaosoma, hasa mama wakwe na shangazi mnaolea wazazi: mzazi asiyelala na wala hauhisi usingizi, anayesema mtoto si wake au ametumwa, anayesikia watu wasiokuwapo, ni mgonjwa wa dharura kama anayetoka damu nyingi. Siku hiyohiyo mpelekeni kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali ya wilaya, ya mkoa au Mirembe. Mtoto achukuliwe na mtu mwingine, na mama asiachwe peke yake hata kwa dakika za kwenda bombani. Anayetaka kumwombea amwombee wakiwa njiani.

Mama, kabla hujaenda kwa mpelelezi, kaa na binti yako anayekuandikia. Pangeni siku kwa siku: lini alianza kukesha, lini alimwaga uji, maneno gani alisema na nani mwingine aliyasikia, lini yule mzee alikuja kuchanja. Yule mzee na watu wa maombi nao ni mashahidi. Hata kama hawakujua ni ugonjwa gani, walimwona akiwa katika hali hiyo. Majina yao mpatie mpelelezi, na nakala ya karatasi hiyo abaki nayo msaidizi wa kisheria.